Barua kwa mwanangu: paka na pumu ya mtoto

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama umtoe paka, maadamu mjukuu wangu amekutwa na pumu. Anza kitandani kwanza. Mtoto hulaza pua juu ya godoro usiku kucha, na humo ndimo wanamoishi wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho. Kinachochokoza mapafu hasa ni kinyesi chao, kwa hiyo kulianika juani hakutoshi: wadudu hufa, kinyesi hubaki. Livalishe mfuko wa zipu unaozuia vumbi, na mto pia. Mashuka yafue kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Ya uvuguvugu hayawaui. Mwanasesere wa manyoya mtie kwenye friza siku nzima, kisha mfue.

Unamkumbuka Shume. Tulimtoa ukiwa na miaka saba, na usiku kifua chako kikaendelea kutoa mluzi. Tukasema basi, si paka. Kumbe uchafu wa mate na ngozi ya paka hung'ang'ania makochi na mapazia kwa miezi kadhaa baada ya mwenyewe kuondoka. Au labda kweli hakuwa yeye. Baba yako alivutia sigara kibarazani, nami nikaridhika kwamba yuko nje. Moshi ulirudi ndani na shati lake, na kifuani kwenye shati hilo ndiko ulikosinzia kila jioni. Paka akaenda, sigara ikabaki. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kitanda kwanza, kisha moshi wowote: wa sigara, wa kuni, wa mkaa. Ukuta wenye ukungu usiufunike kwa rangi. Ziba kwanza panapovuja, ndipo usugue. Usimkataze kukimbia, kwani unene nao huzidisha pumu. Akibanwa akicheza, mwambie daktari. Na dawa ya kuzuia, ile ya kila siku, usiikatize kwa sababu tu amepata nafuu.

Kuhusu paka, mtoto apimwe mzio. Kama hana, mwacheni paka wake. Akiwa nao, sitaki kukuamulia, nyumba ni yako. Lakini ukinibana, nitasema paka aende, na mtoto aambiwe ukweli. Wewe tulikwambia Shume amepotea, ukawa unamwekea bakuli lake mlangoni kila jioni.

Mama yako