Dalali anakufikisha mlangoni, akishafika hapo amemaliza

Nilipoanza kutafuta nyumba Mbeya mjini, niliapa kutomlipa dalali hata shilingi. Jumamosi nne nilizunguka mwenyewe, Iyunga, Sae, Ilomba hadi Uyole. Nilichokutana nacho zaidi ni ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Jumamosi ya tano nikamfuata dalali pale Kabwe, na kabla ya saa kumi jioni nilikuwa nimeshaona nyumba tatu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama dalali anahitajika, kwenye kutafuta nasema ndiyo. Anajua nani anahama kikazi, nani amekwama ada ya mtoto, nani ameshusha bei wiki hii. Wauzaji wengi hawabandiki tangazo popote, wanamwambia yeye tu.

Nyumba ya tatu ilikuwa Isyesye. Vyumba vitatu, maji ndani, banda la kuku nyuma. Milioni 46. Dalali akanisihi niache kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kuishikilia nyumba, cha milioni 2 jioni ileile kwa sababu kuna mteja mwingine anakuja kesho. Moyo ulishanasa, lakini pesa sikutoa. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikamkuta mama wa jirani anapalilia viazi.

"Ugonile, mama."

Akaitikia, akaniangalia kidogo. "Mwanangu, hiyo nyumba ya marehemu unauziwa na nani?"

Kumbe mzee alifariki ameacha watoto watano. Aliyekuwa ananiuzia ni wa tatu, na mahakama haikuwa imemteua mtu yeyote kuwa msimamizi wa mirathi. Wenzake wanne hawakujua lolote. Hapo ndipo nilipoelewa yale maandishi mekundu ukutani: ni familia zinazojihami na ndugu mmoja mwenye haraka.

Nilipomuuliza dalali, alisema yeye kaletewa nyumba na mwenye funguo. Namwamini. Ila yeye hulipwa mauzo yakifanyika, hivyo usimwachie kazi ya kuchunguza kama mauzo yanafaa kufanyika. Hiyo ni yako na wakili wako, wakili uliyemtafuta wewe, si yule anayekuja na dalali.

Nyumba yenye hati miliki, omba nakala uende ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi. Utaona jina la mmiliki, na kama benki imeishika kwa mkopo au kuna zuio, navyo utaviona. Isiyo na hati, ongea na mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne, tena bila dalali pembeni. Kama mwenye mali amefariki, dai barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Na muuzaji akiwa na mke au mume, sahihi ya mwenzake iwepo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kwenye nyumba ya ndoa, na mauzo mengi yamevunjwa kwa kuipuuza.

Halafu nenda uitazame nyumba wakati mvua inanyesha. Hili nalisisitiza kwa uchungu. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilifunika nyumba za watu kule Itezi. Kiwanja cha Agosti, vumbi tupu, hakikwambii maji ya Machi yanapita wapi.

Bei nayo, sisitiza uonane na mwenye nyumba uso kwa uso. Hii ninayoishi sasa, Iwambi, niliambiwa milioni 42. Nilipokaa na mzee mwenyewe, alitaja 38. Ile milioni nne ilikuwa cha juu, alichojiongezea dalali. Tukakubaliana pale pale, watu watatu, dalali apate milioni moja na nusu kutoka kwangu. Nilimkabidhi baada ya wakili kugonga mhuri, mzee na mkewe wakiwa wamekaa hapo wanashuhudia.