Mdomo Huuzwa, Tukio Haliuziki

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: mhalifu maarufu akishamuuzia mtayarishaji mmoja haki za pekee za filamu ya maisha yake, kisha mtayarishaji mwingine akatengeneza filamu ya mtu huyohuyo, je, huyu wa pili akishtakiwa atashindwa? Kushtakiwa, naam. Kushindwa ni nadra, na akishindwa mara nyingi huwa ni kwa kosa jingine kabisa.

Linalotupoteza ni hilo neno "haki za maisha". Mtu akilisikia hudhani kuna hati kama ya kiwanja, na aliyenayo anaweza kuzungushia uzio. Hakuna hati hiyo. Hakimiliki hulinda maneno aliyoyaandika mtu, barua zake, daftari lake la gerezani. Haimpi mtu umiliki wa ukweli kwamba siku fulani aliingia benki na bastola. Kesi ikishasikilizwa hadharani, ushahidi umetolewa, hukumu imesomwa na magazeti yameandika, mambo hayo ni ya umma.

Sasa zile fedha zote hulipiwa nini? Fungua mkataba wenyewe. Kifungu chenye thamani kubwa ni kile ambacho mhalifu anaahidi kutomshtaki mtayarishaji kwa kumkashifu wala kwa kuingilia faragha yake, hata skripti ikimtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Kampuni za bima, zinazobeba gharama mtayarishaji akishtakiwa, hukipenda sana kifungu hicho. Kisha anaahidi kukaa na mwandishi wa skripti amsimulie, atoe picha na barua, na kwa muda uliotajwa asimfungulie mdomo mtayarishaji mwingine. Huo "upekee" wote uko hapo, kwenye mdomo. Na mkataba humfunga aliyetia saini. Mke aliyeachwa hakusaini, mwenzake waliyeiba naye hakusaini, mpelelezi aliyemkamata hakusaini. Kila mmoja anaweza kwenda kuuza simulizi yake, nayo ikaitwa ya pekee. Mtayarishaji wa pili hujiweka hatarini anapojua mkataba upo, kisha akamshawishi mhusika auvunje.

Ndiyo maana vitisho huwa vingi kuliko ushindi. Mwaka 2016 mawakili wa Joaquín Guzmán, yule mlanguzi wa dawa za kulevya wa Mexico aitwaye El Chapo, waliwatishia Netflix na Univision, kampuni zinazorusha filamu na vipindi, kwa sababu ya tamthilia ya maisha yake. Mwaka 2017 tamthilia ilirushwa. Naye Roberto Escobar, kaka yake Pablo Escobar, mlanguzi wa dawa za kulevya wa Colombia, aliitaka Netflix imlipe dola bilioni 1 kwa ajili ya Narcos, tamthilia iliyomhusu Pablo. Kudai ni bure.

India wanalo jibu la wazi zaidi. Auto Shankar, muuaji aliyehukumiwa kunyongwa, aliandika habari za maisha yake akiwa gerezani, na zilidaiwa kuwataja maofisa wakubwa aliokuwa akishirikiana nao. Wakuu wa serikali wakataka kulizuia jarida la Nakkheeran lisizichapishe. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilisema jarida lina haki ya kuchapisha maisha yake kwa kadiri yanavyoonekana katika kumbukumbu za umma, hata bila idhini yake. Likivuka hapo, lijiandae kujibu shtaka la faragha.

Kuvuka huko ndiko kulikowatia matatani waliotengeneza Bandit Queen, filamu ya maisha ya Phoolan Devi wa India. Mwanamke huyo aliwahi kuwa jambazi wa kutisha, lakini alipokwenda Mahakama Kuu ya Delhi hakwenda kudai kwamba ujambazi ni mali yake. Alilalamikia faragha yake, na hasa maonyesho ya kubakwa kwake. Mahakama iliizuia filamu, na baadaye wakaelewana, akalipwa pauni 40,000. Katika kesi hizi zote, hii ndiyo ninayoiunga mkono bila kusita: aliyefanya uhalifu hawezi kuuficha, lakini aliyofanyiwa yeye ni mambo mengine.

Marekani ugomvi uliingia kwa mlango mwingine: fedha zimwendee nani? New York ilitunga sheria mwaka 1977, baada ya David Berkowitz, aliyeua watu kadhaa mjini humo, kukamatwa na watu kuhofia atatajirika kwa kuuza habari za mauaji yake. Sheria ilitaka malipo ya namna hiyo yawekwe kando kwa ajili ya waathirika. Mwaka 1991, katika kesi iliyohusu kitabu cha simulizi za Henry Hill, jambazi wa genge la Mafia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria hiyo kwa kuwa ilikuwa pana mno, ikizoa hata maandishi yaliyogusia uhalifu kidogo tu. Majaji walikumbusha kwamba sheria ya hivyo ingemnasa hata Mtakatifu Augustino, aliyekiri kwa maandishi kwamba ujanani aliiba mapea.

California nao walikuwa na sheria yao ya namna hiyo. Desemba 1963 Barry Keenan na wenzake walimteka Frank Sinatra Mdogo, mwana wa mwimbaji maarufu Frank Sinatra, huko Lake Tahoe, wakapewa kikombozi cha dola 240,000, wakakamatwa baada ya siku chache. Miaka ikapita, Keenan akatoka jela na kumsimulia mwandishi wa gazeti, na mwaka 1998 Columbia Pictures ikakubali kununua simulizi hiyo kwa kiasi kilichoweza kufika dola milioni 1.5. Fikiria uliyetekwa ukiwa na miaka 19, unasikia aliyekufunga kitambaa machoni anakaribia kupata mara kadhaa ya alichokukombolea baba yako! Sinatra Mdogo alikwenda mahakamani kuzuia malipo. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya California ilimpa ushindi Keenan, kwa sababu ileile ya New York.

Filamu nayo? Mwaka 2003 filamu ya televisheni kuhusu utekaji ule ilionyeshwa. Iliirusha kituo cha televisheni cha Showtime, si Columbia.