Kutoka Nyegezi hadi Bagamoyo na watoto watatu: je, siku moja inatosha?

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tunaishi Nyegezi, Mwanza, na tuna watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na wa miezi 10. Desemba tumekusudia kwenda kwa wifi yangu Bagamoyo kwa gari letu dogo, kwa sababu watoto wamekulia ziwani na bahari hawajaiona. Baba yao anataka tuondoke saa 9 usiku tufike siku hiyo hiyo, ili tusilipe nyumba za wageni. Huyu wa miaka 4 hutapika hata tukienda Magu tu, na mdogo amezoea kulala mapajani mwangu, kiti cha mbele. Unatushauri nini?
Mama wa watatu, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kutoka Mwanza hadi pwani ni takriban kilomita 1,150, na kwa gari lenye mtoto anayenyonya huo si mwendo wa siku moja. Najua barabara yote ni lami na baba ameipigia hesabu, lakini hesabu yake haijaweka vijiji, ambako anatakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa, wala haijaweka kunyonyesha, kubadilisha nepi na kusafisha matapishi. Akiondoka saa 9 usiku, atafika Morogoro giza limekwisha kuingia, akiwa ameshika usukani zaidi ya saa 14, na hapo ndipo anapoingia kwenye barabara ya kwenda Chalinze iliyojaa malori, mengine yameegeshwa ukingoni bila taa. Mwambie, kwa upole na kwa heshima yake kama baba wa nyumba, kwamba fedha ya nyumba ya wageni ni sehemu ya nauli ya safari hii, na kama haijatimia, ni heri safari isogezwe mbele.

Ondokeni saa 12 asubuhi mkiwa mmekunywa chai, mpite Shinyanga na Nzega, mpumzike Shelui kabla ya kupanda kona za Mlima Sekenke, kisha mlale Singida. Hapo mtakuwa mmetembea kilomita zisizozidi 470 hivi, na jioni watoto watapata nafasi ya kukimbia karibu na Ziwa Singidani, penye mawe makubwa yanayofanana na ya kwenu. Siku ya pili ndiyo ndefu: piteni Manyoni, mle chakula cha mchana Dodoma, kisha mlale Morogoro. Siku ya tatu, mkifika Chalinze msiendelee kuelekea Kibaha. Shikeni barabara ya Segera hadi Msata, mkunje kulia, na kilomita 64 za lami zitawafikisha Bagamoyo bila kugusa foleni ya Dar es Salaam.

Kuhusu mdogo kulala mapajani mwako kiti cha mbele, nakuomba uache kabisa, hata kwa safari ya kwenda sokoni. Gari likigonga, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto asirushwe, na mfuko wa hewa wa mbele ukifumuka unaweza kumuua. Akae nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto kilichogeuzwa kuelekea nyuma na kufungwa barabara. Wa miaka 4 naye anahitaji kiti chake, na wa miaka 7 anyanyuliwe kwa kikalio maalumu, kwa sababu mkanda wa mtu mzima ungempita shingoni badala ya begani. Mdogo akilia, simameni mahali salama anyonye, kisha mwendelee.

Kutapika kwa huyo wa miaka 4 si utundu wala si minyoo, kama watu wanavyopenda kusema. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unakwenda, ilhali macho yake yanatazama mgongo wa kiti uliotulia, na mgongano huo ndio unaochafua tumbo. Mpe nafasi ya kuiona barabara mbele, usimpe simu ya kutazama katuni, na asubuhi ale kidogo kitu kikavu. Matobolwa ya kutafuna, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yatamfaa kuliko chapati ya mafuta na soda. Simameni kila baada ya saa mbili. Mfuko, kitambaa chenye maji na nguo za kubadilisha viwe miguuni mwako, si chini ya mizigo yote ndani ya buti. Dawa ya kuzuia kutapika usimpe bila daktari kumwona, na mdogo usimpe kabisa.

Sasa bahari yenyewe. Mwanangu wa kwanza, naye mtoto wa ziwani, alipofika ufukweni kwa mara ya kwanza aliinama, akachota maji kwa kiganja na kuyanywa kama alivyozoea. Aliyatema yote, akanitazama huku machozi yakimlenga, akauliza nani amemwaga chumvi. Chumvi ile hata hivyo haikututisha kama maji kujaa. Ziwa halipandi na kushuka kila siku kwa namna ambayo mtoto anaweza kuiona, lakini bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali sana kisha hurudi hadi juu. Mwanangu alikuwa amekaa na ndoo yake kwenye fungu la mchanga mbali na ufuko, na nilipogeuka, maji yalikuwa yamelizunguka fungu lile pande zote. Nilimfuata yakiwa magotini. Kwake yangekuwa kifuani.

Kwa hiyo kila asubuhi mwombe wifi yako awaulizie wavuvi saa ya maji kujaa, na usiitumie ya jana, kwa kuwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Watoto wacheze maji yanapopwa, karibu na ufuko, wakiwa wamevaa viatu, na mtu mzima awe hatua moja tu kutoka kwao.