Mwanangu, anza na nguruzi

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Barua yako imenifikia hapa Kilwa, nami nimefurahi kusikia kwamba boti ya faiba imeshashushwa majini huko Kilindoni, Mafia, na kwamba msimu wa papa potwe, wale papa wakubwa ambao wageni huja kuogelea nao, utakukuta tayari. Umeniuliza iwapo boti mpya yenye mashine mpya inahitaji kukaguliwa kila asubuhi kama tulivyokuwa tukiikagua ile yetu kuukuu, au kama inatosha kumsubiri fundi na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini. Jibu langu ni kwamba chombo kipya ndicho kinachotaka kuangaliwa zaidi, kwa kuwa kile kikongwe tulishazijua kasoro zake, ilhali hiki bado hakijakuonyesha zake.

Kila asubuhi anza na nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini tezini, yaani nyuma ya boti, nawe ukiguse kwa mkono badala ya kuridhika na macho. Sijapata kukusimulia kisa hiki kwa sababu nilikionea haya. Nilipokabidhiwa boti mpya kwa mara ya kwanza, mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nikaichomoa nguruzi boti ikiwa mchangani ili maji yatoke. Wateja wakaja mapema, nami nikaisahau. Wakati tukienda kwa kasi hakuna aliyehisi lolote, kwa sababu boti ikikimbia maji hufyonzwa nje kupitia tundu hilohilo. Tulipozima mashine ili tutupe mishipi ndipo bahari ilipoanza kuingia, na tulipogutuka betri ilikuwa imekwisha kuzama na mashine ikakataa kuwaka. Tulifua maji kwa upo, kile chombo cha kutolea maji botini, na kwa ndoo, huku mwenzangu akiwa ameziba tundu kwa kitambaa, na muda wote huo nguruzi ilikuwa mfukoni mwangu. Kwa hiyo usiitegemee pampu ya umeme peke yake: upo na ndoo havitaki betri.

Baada ya hapo shika spana. Mtikisiko wa mawimbi na wa mashine yenyewe hulegeza kilichokazwa kiwandani, na hulegeza zaidi katika safari za mwanzo, hivyo jaribu boliti zinazoshikilia mashine tezini, vichwa vya betri, na vibanio vya mpira wa mafuta. Mashine nyingi mpya hutakiwa kufanyiwa huduma ya kwanza zikifikisha saa 20 za kazi, na saa hizo huisha upesi kwa mtu anayetoka kila siku, kwa hiyo ziandike katika daftari. Fundi atakapomwaga oili ya gia siku hiyo, simama uitazame mwenyewe: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Mara nyingi chanzo chake ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya rafadha (propela) ukakata sili inayozuia maji, nao hapo Kilindoni, boti inapokaa mchangani maji yakipwa, utauona bila kupiga mbizi.

Kuhusu petroli, fungua vifuniko vyote na unuse kabla ya kuwasha, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, mahali ambapo cheche moja ya waya inatosha. Kama kichujio chako kina kikombe cha kioo, maji yaliyochanganyika na mafuta utayaona yametuama chini yake. Mafuta yenyewe yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la akiba, na fungu la akiba usiliguse hata siku ya shwari, kwani upepo wa kusi ukikupiga usoni wakati wa kurudi, mwendo uleule hula mafuta mengi zaidi. Mashine ikishawaka, tazama mchirizi wa maji ya kuipozea ukitoka ubavuni. Sisi tulizoea kusema mashine inakojoa. Isipokojoa, izime hapohapo.

Sasa wageni wako. Majaketi ya kujiokolea yavaliwe kabla boti haijasukumwa, na usimpe mtoto jaketi la mtu mzima, kwa maana akianguka majini litapanda litoke kichwani. Ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mguuni au mkononi mwako, na kila asubuhi uivute mara moja mashine ikiunguruma ili ujue kama kweli inazima. Watu wakishuka kuogelea na potwe, mashine iwe imezimwa na wewe umehesabu vichwa kabla ya kuiwasha tena. Tabiri ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, isome usiku na uirudie alfajiri. Redio iwe chaneli 16, ile ya wito wa dharura, na simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Jioni suuza mashine kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hata ukiwa umechoka. Vile vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya mashine viliwekwa ili viliwe na chumvi badala ya chuma chako, basi vikifika nusu vibadilishe, wala usivipake rangi. Nimewahi kumwona mtu aliyevipaka ili vipendeze.

Nipimie upana wa tundu la nguruzi la boti yako unitumie, nikutafutie mbili za akiba hapa sokoni. Mama yako atakuja nazo atakapovuka kutoka Nyamisati.

Wasalaam,
Baba yako