Kichupa kaburini hakitoshi kuthibitisha mfiadini
Kwa aliyeuliza kama kichupa cha "damu" kaburini kinathibitisha kwamba marehemu alikuwa mfiadini: hapana. Chukua kaburi la Filomena, aliyeheshimiwa kama mfiadini, katika katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) ya Priscilla, Roma, lililofunguliwa Mei 1802 na kukutwa na kichupa kama hicho. Lilizibwa kwa vigae vitatu vilivyosomeka LUMENA, PAX TE, CUM FI. Peleka kigae cha kwanza mwisho, utapata "Pax tecum Filumena", yaani amani iwe nawe, Filomena. Kwa mpangilio huo mbovu, mwanaakiolojia Marucchi aliona vigae vilitolewa kaburi jingine, hivyo hata jina hilo huenda si la aliyezikwa humo. Vichupa vya aina hiyo mara nyingi viliwekewa manukato. Kisa cha Filomena kama binti mfalme aliyeuawa na Kaisari Diocletian hakimo kaburini hata neno moja. Kilitokana na maono ya mtawa wa Napoli, miaka ya 1830.