Sitikolini na aspirini baada ya kiharusi

Mkuu, umeuliza kama kuongeza sitikolini (dawa inayotolewa kwa nia ya kulinda seli za ubongo) juu ya aspirini kunalinda ubongo zaidi baada ya kiharusi. Hapana, hakulindi. Jaribio la ICTUS la 2012, wagonjwa karibu 2,300, halikuona tofauti kati ya sitikolini na dawa ya kulinganishia isiyo na kiambato chochote (placebo). Hiyo hela lipieni CT (kipimo cha picha ya ubongo).

Mchanganyiko wenye ushahidi ni aspirini na klopidogreli (nayo huzuia damu kuganda), na wenyewe hauokoi seli zilizokwisha kufa, unazuia mshipa kuziba tena. Ni kwa kiharusi kidogo cha kuziba tu (mshipa wa ubongo umeziba, haujapasuka), uanze ndani ya saa 24: klopidogreli mg 300 mara moja, kesho yake mg 75 kwa siku, pamoja na aspirini mg 75 hadi 100. Zote mbili ni siku 21, kisha inabaki dawa moja. Wengi huendelea miezi na zote mbili kwa sababu cheti cha dawa hakikuandikwa tarehe ya mwisho. Hapo faida imeisha, kinachoongezeka ni hatari ya kuvuja damu.

Ila CT kwanza (kwa Moshi, hospitali ya KCMC wanayo). Kiharusi cha kuvuja damu huwezi kukitofautisha kwa macho, kwa hiyo msimpe mgonjwa aspirini nyumbani kabla ya kipimo. Na kama anapaliwa na maji, asimezeshwe kidonge chochote.