Kitunguu saumu hakijui sumu ya uyoga

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Malindi, masika haya uyoga umeota tele nyuma ya nyumba, jirani yangu huuchuma akaupika kwa tui la nazi, mtamu kwelikweli. Yeye hutia kitunguu saumu sufuriani, kikibaki cheupe anasema hauna sumu. Mwezi uliopita tulikula, baada ya saa 2 mwanangu wa miaka 6 akatapika sana, nikampa maziwa akapona. Je, maziwa ndiyo dawa?

JIBU: Marahaba mwanangu, alhamdulillahi mtoto mzima. Lakini maziwa hayakumponya, na hicho kitunguu saumu naomba mkiache kwa pilau tu. Sumu ya uyoga haibadilishi rangi ya kitunguu wala kijiko cha fedha, na kuona konokono ameula hakukuhusu wewe, tumbo lake si lako. Kuchemsha pia hakuondoi ile sumu mbaya kabisa, inaitwa amatoksini, na waliokula wakapona husema ulikuwa mtamu vilevile.

Sasa nisikilize hapa maana ndipo watu wanapopotea. Kutapika mapema kama mwanao mara nyingi ni uyoga wa kuchafua tumbo, kuna mmoja mweupe mkubwa unaota kwenye nyasi, ukikomaa chini ya kofia panaanza kuwa kijanikijani. Huu wa amatoksini hunyamaza saa 6 mpaka hata 24, ushakula ushalala ushasahau, ndipo unaanza kuhara maji na tumbo kusokota, halafu kesho yake unapata nafuu watu wanasema kashapona, kumbe ini linaharibika ndani, na siku ya 3 au ya 4 macho yanakuwa manjano. Hiyo nafuu ndiyo inayoniogopesha kuliko matapishi yenyewe!

Kwa hiyo mtu akiumwa baada ya kula uyoga wa porini, hospitali saa ileile, msingoje kuona kama itapoa, na msimtapishe kwa maji ya chumvi, mtoto anaweza kudhurika kwa chumvi yenyewe. Kama umebaki uyoga mbichi uchimbueni na shina lake lote, kwenye aina nyingine huko chini udongoni kuna kitu kama ganda la yai na hicho ndicho kinachosaidia kuutambua, muufunge kwa karatasi si mfuko wa plastiki maana utaoza. Mwambieni daktari mlikula saa ngapi na dalili zikaanza saa ngapi. Na wote mliokula sufuria moja mwende pamoja, hata huyo jirani anayesema yeye hasikii kitu.